Bega la Ininahazwe

Toka polio imshike akiwa na miaka mitatu, Ininahazwe wa Murungu hutembea kwa mikono, kandambili kazivaa viganjani. Maharage yake huyapalilia akiwa amekaa, na kitongoji kizima hakuna shamba safi kama lake. Kitu kimoja tu kinamshinda: maji. Dumu huletewa na wifi yake, Aline, na siku Aline akiugua, hata uji haupikwi.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji ulipoitishwa kuchagua mahali pa bomba jipya, alifika wa kwanza. Bomba likiwekwa kanisani, kwenye tambarare, angejichotea mwenyewe. Likiwekwa sokoni, kuna mlima wa mawe matupu.

Pale hawapigi kura za karatasi. Watu hupanga mistari, mstari huu wa kanisani, ule wa sokoni, na mwenyekiti, mzee Leonidasi, hupita akigusa bega la kila mmoja huku akihesabu. Ininahazwe alijivuta hadi mwisho wa mstari wa kanisani, akanyoosha shingo.

"Hamsini na tatu, hamsini na nne," mzee akasema, akageuka. "Sokoni mia na mbili. Tumemaliza!"

"Hamsini na tano."

"Nani huyo?"

"Mimi, mzee. Huku chini."

Salumu muuza mitumba akacheka kutoka mstari wa sokoni. "Yewe mama, si mmeshindwa? Mmoja ataongeza nini?"

"Tumeshindwa, sikatai. Lakini na mimi nilikuwepo. Andikeni."

Mzee Leonidasi alirudi taratibu. "Nisamehe, mama. Nilikuona umekaa, nikadhani unapumzika."

"Miaka arobaini napumzika, mzee?"

Watu waliangua kicheko, kisha kikakatika chenyewe. Mzee akainama, akainama tena, mpaka kiganja kikafika begani kwake. "Hamsini na tano," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Sasa huko sokoni utapandaje?"

"Hilo ndilo lilikuwa la kuulizana kabla ya mistari."

Mzee aliinuka. Akautazama ule mlima, akazitazama kandambili.

"Kaeni chini," akawaambia wote. "Tuliongee kwanza."

Wakakaa nyasini, mmoja baada ya mwingine, Salumu naye. Ininahazwe, ambaye mikutano yote alikuwa akitazama magoti na pindo za kanga, akaziona nyuso zao. Akavua kandambili mikononi, akaanza kusema.