Lori la Ijumaa

Mwanvita Sufiani hakuwa mtu wa maneno mengi, na kazi yake nayo haikuyataka. Katika chumba cha kupanga pale Mwembesongo alitunza tovuti za watu: ya duka la mbegu, ya shule moja ya awali, na ya kikundi cha wakulima wa Mgeta. Hii ya mwisho ilikuwa na ukurasa mmoja tu wenye maana, ule wa siku ya lori la mboga kwenda Dar.

Wakulima walilalamika kwamba ukurasa unakula bando. Sasa, tovuti ile iliendeshwa na mfumo wa PHP, na kwenye mipangilio yake mna kisanduku cha kuongezea heda, yaani maagizo ambayo seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, huyatanguliza kabla ya ukurasa. Simu huyasoma, mwenye simu hayaoni. Mwanvita akaandika agizo moja: ukishaupokea ukurasa huu utunze siku saba, usirudi kuuliza. Bando likapona. Bi Zuhura, mama mtu mzima anayelima njegere juu kabisa mlimani, akamtumia ndoo ya matunda damu kwa shukrani. Mgema akisifiwa, jamani, mnajua.

Jumanne jioni Mzee Dadi, mwenyekiti wa kikundi, akapiga simu. Kuanzia Ijumaa barabara ingefungwa wiki mbili kwa matengenezo, kwa hiyo lori lingekuja Alhamisi. Mwanvita akabadilisha siku, akautazama ukurasa kwenye kompyuta yake, akauona mpya. Ataachaje kuuona? Yeye aliingia kama msimamizi, na msimamizi mfumo humpa ukurasa mbichi kila mara. Akarudi kwenye chai yake. Mzee Dadi naye, ambaye zamani angemtuma mtu nyumba kwa nyumba, safari hii hakutuma. Si tovuti ipo?

Alhamisi lori likaja, likaondoka nusu tupu. Bi Zuhura alikuwa ameufungua ukurasa tangu Jumatatu, na kila alipoufungua tena simu ilimpa uleule. Ijumaa alfajiri akajitwika njegere zake, akateremka mara tatu, akakaa kituoni juu ya magunia. Yalikuwa mavuno yake yote, na njegere hazingoji wiki mbili.

Mwanvita alipopigiwa alielewa kabla Mzee Dadi hajamaliza. Akalifuta agizo palepale, lakini simu iliyokwisha kuambiwa isiulize, badiliko hilo litaifikiaje? Aibu ikamshika kwelikweli. Akachukua bodaboda, maana pikipiki zilikuwa zinapitishwa, akapanda Mgeta.

Alimkuta Bi Zuhura palepale kituoni. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba kama kawaida, na hilo likamuuma zaidi. Kisha akasema yote: simu haikuharibika, ni yeye aliyeiambia ishike ukurasa wa zamani.

Bi Zuhura akamwonyesha kioo cha simu. Lori, Ijumaa, saa tatu asubuhi.

“Itasema hivi mpaka lini?”

“Mpaka Jumatatu, mama. Lakini nipe, naisafisha sasa hivi.”

Bi Zuhura akaifungia simu kwenye pindo la khanga.

“Iache, mwanangu. Mimi siku ya lori nitamuuliza utingo.”

Akainuka, akaomba asaidiwe kujitwika gunia la kwanza. Mwanvita akamtwisha, naye akajitwika la pili, wakaanza kupanda.