Shimo Namba Saba

Mzee Latif hana ofisi. Ofisi yake ni benchi la duka langu la kuchapa, hapa mtaa wa Wandegeya, jijini, na mimi Safinah ndiye niliyemchapia ripoti zake zote kwa miaka tisa. Kazi yake ni kueleza udongo. Watu wakitaka kufungua mgodi, Latif hutangulia, huchimba mashimo yanayomfika kifuani, kisha huandika ukuta wa kila shimo tabaka kwa tabaka: mweusi unaishia wapi, mwekundu unaanzia wapi, mfinyanzi ni upi na changarawe ni ipi. Udongo huulowesha kwa mate na kuusugua kati ya vidole, kisha hivyo hivyo anakuja kunishikia kompyuta. Nimemgombeza mpaka nimechoka.

Mwaka jana alitumwa kaskazini mwa nchi, mahali palipopendekezwa kuchimbwa dhahabu. Mashimo kumi na moja kwa siku tatu. Aliporudi nilichapa yote, na kila shimo lilikuwa na maneno yale yale: udongo wa asili, haujawahi kuchimbwa. Nikajalidi, nikaenda zangu kunywa chai. Sikuuliza kitu, na hilo nalijutia.

Miezi minne baadaye aliingia mwanamke aliyevaa sare ya polisi, Sajini Adyero wa kituo cha Kyebando, nakala ya ripoti mkononi.

"Natafuta mutu anaitwa Latif. Jina yake iko hapa."

"Ni mimi, dada," alisema Latif, chapati mdomoni.

"Mzee, baba yangu ilikufa wakati wa vita. Tulimuzika haraka kwetu, bila simenti, tukakimbilia kambi. Sasa ile mahali ni pori tu. Nataka kutoa mifupa yake nimulaze karibu na mama, mbele mashine haijaingia. Kampuni ya mgodi inasema hakuna kaburi, sababu ripoti yako inasema udongo haijachimbwa. Wewe ulikuwa pale. Hukuona kitu?"

Latif akaomba maji. Nilimpa, hakuyanywa.

"Shimo namba saba," akasema.

Chini ya kina cha goti alikuta madonge meusi yamechanganyika na mekundu. Udongo haulali hivyo wenyewe. Kuna mkono wa mtu uliougeuza. Alipaswa kuandika hivyo na kuwaita wenyeji. Lakini wingu lilikuwa limetanda, dereva anapiga honi, na shimo lililovurugika huharibu sampuli. Alilifukia, akasogea hatua sita, akachimba jingine lenye ukuta safi, akaliita hilo namba saba.

"Sisi wote tunafanya hivyo," alisema, na hapo nilitamani kumrushia stepla. Kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Nilikuwa natafuta udongo mzuri."

Adyero alinigeukia mimi. Aliniambia niandike barua ya kusahihisha ripoti. Niliichapa, Latif akatia sahihi, na kesho yake alfajiri wakapanda basi wote wawili.

Yaliyotokea huko Latif alinisimulia mwenyewe, pale pale kwenye benchi, bila kunitazama. Walikuta mashine zimeshaingia tangu Jumatatu ya wiki hiyo. Miti haikuwepo, vichuguu havikuwepo. Udongo wote wa juu ulikuwa umekwanguliwa na kurundikwa pembeni, na shimo lenyewe hakuna aliyeweza kuonyesha lilipokuwa. Ile barua ilibaki mfukoni mwa Adyero.

"Mzee, wewe unajua udongo," alimwambia. "Katika hizi, ya shimo saba ni gani?"

Latif alichota kutoka rundo moja, akachota kutoka jingine. Akausugua kati ya vidole, kama alivyofanya kwa miaka thelathini ya kazi.

"Sijui, dada. Wameuchanganya."

Latif aliniambia angefurahi kama angetukanwa. Adyero alivua kofia yake ya polisi, akamkabidhi, akaenda mbele ya rundo la kwanza. Kwa Kiacholi, lugha ya kwao, alimsalimu baba yake, akataja jina lake mwenyewe na majina ya watoto wake, akamweleza mama alikolala. Alipomaliza akahamia rundo la pili, akaanza tena tangu salamu.

Marundo yalikuwa kumi na manne. Latif alimfuata nyuma na kofia yake mkononi, na Adyero hakuruka hata moja.