Malkia na Makapi ya Mbarika

Jumamosi moja asubuhi, mwaka wa 1996, watu wa Gatina, Kawangware, walisimama kumtazama Nzilani Muema akikimbia peku nyuma ya mkokoteni. Mkokoteni haukubeba mitungi ya maji. Ulibeba mbwa.

“Pisheni ambulensi!” vijana wa steji ya matatu walipiga kelele. “Mathe, mgonjwa ana kadi?”

Nzilani alizidi kukimbia. Malkia, mbwa wake wa rangi ya udongo, alikuwa akitetemeka, ulimi nje, macho yamelegea. Kabla ya mbwa huyo kuletwa, wezi waliingia katika ploti yao ya vyumba vya kupanga wapendavyo. Tangu aje, wapangaji walianika nguo na kuzikuta. Na Nzilani, mjane anayeishi peke yake, alipata wa kuzungumza naye wakati wa kupika.

Aliyekuwa akivuta mkokoteni ni Okoth, mwuza maji. Muda mfupi uliotangulia, Nzilani alikuwa amemkaba shati akimwita muuaji.

Sababu ilikuwapo. Kila Okoth alipoingia langoni na maji, Malkia alimbwekea mpaka akatoka. “Huyu mbwa siku moja nitamnyamazisha,” alizoea kusema, na ploti nzima ilimsikia. Kwa hivyo Nzilani alipomkuta Malkia amelala kando ya sukumawiki akitapika, hakutafuta mshukiwa mbali.

“Umempa nyama ya sumu!”

“Mimi? Nyama yenyewe naiona Krismasi, halafu nimgawie mbwa wako?”

Majirani walikuwa bado wanacheka Malkia alipotapika tena. Okoth akainama.

“Nyama iko wapi hapa, mama? Si uangalie.”

Katika matapishi mlikuwa na vipande vya maganda magumu, ya kahawia yenye madoadoa. Nzilani aliyatambua. Akaliachilia shati.

Yalikuwa maganda ya mbegu za mbarika, na ni yeye aliyezitwanga. Alizichuma Kibera, kando ya reli karibu na Mashimoni, mahali mbarika inapomea bila mwenyewe. Alizikamua mafuta ya nywele na kuwauzia wanawake wa kanisani kwake. Kwao Machakos, mamake alimfundisha kuzikaanga, kuzitwanga, kisha kuzichemsha kwa muda mrefu mpaka mafuta yaelee. Lakini mwezi huo makaa yalikuwa adimu. Nzilani alizianika juani, akazitwanga na kuzikamua kwa kitambaa, bila moto wowote. Makapi aliyachanganya na damu ya mbuzi kutoka buchari, akayafukia kwenye mashina ya sukumawiki yawe mbolea.

Damu ndiyo iliyomwita Malkia. Mashimo aliyochimba yalikuwa pale pale, na kwa ugomvi wote ule hakuna aliyeyatazama.

“Ni mimi. Ni makapi yangu ya mbarika,” Nzilani alisema. “Nimemuua mwenyewe.”

“Hajakufa!” Okoth alikuwa ameshaanza kushusha mitungi. “Funga hayo makapi kwa karatasi, daktari atataka kuyaona. Haraka, mama!”

Ndivyo walivyofika Dagoretti Corner wakihema. Daktari wa mifugo, Nderitu, alifungua karatasi, akatazama mara moja, akamwita msaidizi wake. Malkia alitundikiwa maji, kisha akanyweshwa kwa mpira uji mweusi wa mkaa uliosagwa.

“Sumu haimo kwenye mafuta, inabaki kwenye makapi,” Nderitu alieleza mikono ikiendelea na kazi. “Moto mrefu huipunguza. Jua haliiwezi. Lakini hata ukiyachemsha, mbwa asiyafikie.”

Nzilani alikuwa akiutazama ule uji.

“Huo ni mkaa, daktari? Mimi nimezinyima mbegu makaa, sasa anayala mbwa!”

Okoth alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nderitu hakucheka, wala hakuahidi chochote. Mbwa angebaki hapo.

Nzilani alirudi nyumbani akafukua bustani yote. Sukumawiki iling’oka pamoja na makapi, hakujali. Mbegu zilizobaki alizifungia kwenye debe lenye kifuniko, juu ya kabati.

Baada ya siku kadhaa Malkia alirudi kwa mkokoteni ule ule, amekonda, shingo imeinama. Alikunywa maji, akalala mlangoni. Hakubweka. Mpangaji mmoja aliingia, mgeni akapita, paka wa jirani akamruka, kimya. Nzilani alikaa kando yake na bakuli la uji.

Lango likalia. Okoth akaingia na mtungi begani.

Sikio moja la Malkia likasimama. Akainuka kwa miguu inayoyumba, akabweka. Ploti nzima ikapiga vigelegele.

“Mama, mshike basi!” Okoth alipiga kelele akirudi nyuma, maji yakimwagikia mgongoni.

“Nimshike?” Nzilani alikuwa akicheka na kulia. “Simama hapo hapo, Okoth. Acha abweke tena.”