Kanga ya Asya na Kitoto cha Fereti

Iko siku moja, mwanangu, nnaikumbuka kwa pua kwanza: harufu ya sabuni ya unga, na juu yake udi. Siku hiyo nilikuwa bado mke mpya katika nyumba ya Mutrah, nyuma ya soko, hapa hapa Maskati, na nilifua kanga ambayo haikuwa yangu. Sasa nna mvi mpaka kwenye nyusi, na nguo nilizofua hazina idadi. Lakini kama Mungu angeniruhusu kurejeshewa moja ikiwa chafu, ningeomba ile.

Ngoja nikueleze taratibu. Najua nyinyi vijana mnataka mwisho kabla ya mwanzo, lakini hapa ukiruka hutafahamu kitu.

Nilitoka Unguja nikiwa msichana, kuja kuolewa na Saleh. Saleh alikuwa amefiwa na mkewe, Asya, Mungu amrehemu, mwanamke ambaye kila mtu katika mtaa ule alikuwa na neno zuri la kumsema. Aliacha binti mmoja wa miaka tisa, Rahma, na aliacha fereti watatu.

Fereti humjui? Hata mie sikumjua. Ni mnyama mdogo, mrefu, mwembamba. Ukimwona utasema nguchiro wa kwetu shamba kaja mjini akastaarabika. Anafugwa ndani kama paka, anaiba soksi na kuzificha chini ya makochi, akifurahi anarukaruka ubavu ubavu kama mlevi. Na ana harufu yake, nzito, haikutoki puani. Anayempenda haisikii, asiyempenda haisikii nyengine. Jirani mmoja Muingereza ndiye aliyempa Asya hao watatu, mmoja baada ya mwengine, na Asya akawaita Mzee, Tende na Kahawa.

Walikuwa wakilala chumba kidogo pembeni ya jiko, ndani ya sanduku la mbao, juu ya kanga kuukuu. Nilipoiona nilisema moyoni, salale, kanga gani hii, imeganda manyoya na rangi haijulikani. Nilichokuwa sikijui ni kwamba Asya alipozidiwa na maradhi, siku anapelekwa hospitali, aliivua kanga aliyojifunga akampa binti yake. Akamwambia akawatandikie wale wanyama, wasije wakadhani amewatupa. Hakurudi tena. Na kila siku Rahma akitoka skuli alikuwa anakwenda kule pembeni ya jiko, anapiga magoti, anaingiza uso wake ndani ya sanduku. Mie nikadhani anacheza na fereti wake.

Mtoto hakunifanyia ubaya, nisimsingizie. Akinikuta, "Shikamoo, Bi Moza." Nikimwekea chakula, "Ahsante, Bi Moza." Basi, mlango umefungwa. Na mie nilitaka anipende, na si anipende tu, nilitaka anipende kabla ya Ramadhani, ili watu wakija kufuturu waone mambo yametengenea. Wahenga wana maneno mawili, wamesema haraka haraka haina baraka, na wamesema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mie nilishika hilo la pili, kwa kuwa ndilo lililonifaa.

Basi yule jirani Muingereza akawa anahama, na Saleh akarudi na kitoto cha fereti mkononi, cheupe, kidogo kama kiganja. Tukamwita Sukari. Nikasema, hapa ndipo. Nitampa mtoto zawadi, na nitampa kwa heshima zote, kama tulivyofunzwa.

Nawe unajua sisi tumefunzwaje. Mgeni akija nyumba husafishwa, na biharusi akiingizwa kwa mumewe huogeshwa na kufukizwa. Rahma alipokwenda skuli nikakiosha kile chumba kwa dawa, sakafu mpaka kuta. Nikaitoa kanga, nikaifua, nikaisuuza, nikaifua tena, nikaenda kuianika juu ya nyumba. Jua la Maskati halikawii, nilishuka kunywa maji na kupanda, ishakauka. Nikaifukiza udi juu ya chetezo, nikaitandika tena ndani ya sanduku. Kisha nikamwogesha Sukari, nikampitisha kwenye moshi, nikampaka na mafuta ya halud, yale manukato yetu ya harusi, nyuma ya masikio. Alikuwa ananukia kuliko mie siku ya harusi yangu.

Mtoto aliporudi nikamshika mkono. "Fumba macho," nikamwambia, nikampeleka. Nikamtia Sukari ndani ya sanduku, katikati ya wenziwe, nikasema, "Fumbua."

Wallahi, mwanangu, hata kufumbua hakuwahi. Tende alimrukia Sukari shingoni, Kahawa akamdaka mguu, wakamburura huku na huku, na yule mdogo akapiga ukelele ambao sikujua mwili ule unaweza kuutoa. Mzee hakupigana. Mzee alikuwa anazunguka juu ya kanga, anaichimba kwa makucha, anaingia chini yake, anatoka, anaichimba tena. Mie nilikuwa nnapiga kelele tu. Rahma ndiye aliyeingiza mikono akamtoa Sukari, sikio linavuja damu, akanitupia kifuani.

Halafu akaishika kanga. Akaiweka usoni. Akaigeuza, akanusa upande wa pili. Akaipitia pembe kwa pembe, akafika mpaka kwenye mshono wa pindo, pale maji huwa hayaingii vizuri, akanusa pale muda mrefu.

"Nani kaifua?"

"Mie, mama. Nimekusafishia."

Aliiacha ikaanguka ndani ya sanduku. "Mama hayumo," alisema. "Mama hayumo tena."

Hakunipigia kelele. Alikwenda chumbani kwake akafunga mlango, na mie nikabaki na mnyama anayetetemeka kifuani, sijafahamu bado nimefanya nini.

Aliyenifahamisha ni mama mkwe wangu, Bi Zuwena. Alikuwa mtu mzima wa maneno machache, kakulia Malindi ya Unguja kabla ya kuja huku, na akikuita chumbani kwake unakwenda umejifunga vizuri. Hakunikaribisha kukaa.

"Moza, nani kakutuma ufue?"

"Hakuna, mama. Ilikuwa chafu."

"Hicho ulichokiona wewe uchafu, mtoto alikiona mama." Akauvuta mtandio wake mabegani. "Hata mie nilikuwa nikishuka pale asubuhi, nyinyi mmelala. Nnamnusa mkwe wangu. Umeingia nyumba ya msiba kwa pupa ya harusi."

Nikaanza kulia. Akanipa ukingo wa mtandio wake nijifute, na hapo ndipo aliponiambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Lia hapa. Usende ukalia mbele ya mtoto, ukampa na kazi ya kukubembeleza wewe. Wala usijitetee. Maji yakimwagika hayazoleki. Kaa chini hapo hapo penye maji, wakuone umekaa."

Nisikufiche, nilikuwa na hasira pia. Mbona hakuna aliyeniambia? Nyumba nzima inajua, jirani anajua, mie mgeni nimeachiwa nikanyage kaburi la mtu kisha niulizwe kwa nini nimekanyaga! Hasira hiyo ilikuwa ya haki, na haikunisaidia kitu. Nilikaa penye maji kama nilivyoambiwa.

Sukari nikamlaza chumbani kwangu, juu ya kanga yangu mwenyewe. Alikuwa hali vizuri. Siku zikapita, shikamoo na ahsante, mpaka alasiri moja nikamwona Rahma kasimama mlangoni.

"Sukari vipi?"

"Hajambo kidogo. Lakini anaogopa hata kivuli chake."

Akaingia, akakaa chini, akampapasa sikio. Kisha akasema, hanitazami, "Ulimtia udi. Wao hawajui udi. Wao wanajuana kwa harufu, ukija na harufu isiyojulikana, wewe adui. Kahawa alipokuja, Mama hakumuingiza siku ile ile."

"Alifanyaje?"

Ndipo mtoto wa miaka tisa akanifunza, mwanangu, kwa maneno ya mamake. Mgeni anakaa chumba chake kwanza, na wenyeji chao. Vitambaa wanavyolalia vinabadilishwa, cha huku kinapelekwa kule, cha kule kinaletwa huku, mpaka kila mmoja azoee kulala na harufu ya mwenziwe kabla hajamwona uso. Kisha wote wanaogeshwa kwa sabuni moja. Wanakutanishwa mahali pasipo pa yeyote kati yao, na mgeni anapakwa mafuta kidogo shingoni, ili atakayekuja kuuma aanze kulamba. "Na wakimvuta shingo kidogo uwaache," alisema. "Wanamuuliza yeye nani. Akitoka damu tu ndiyo unamtoa, unajaribu kesho."

Basi kanga yangu ikaenda kwenye sanduku, na kanga ya Asya ikaja chumbani kwangu. Aliileta Rahma mwenyewe. Alisimama nayo, kaikumbatia, nami nikanyoosha mikono nikangoja. Nilingoja mpaka mikono ikaniuma. Mwisho akaiachia.

Kila alasiri akawa anakuja kukaa pale sakafuni na Sukari, juu ya kanga ile, anaigusa bila ya kuinusa. Nami nikikaa karibu, mdomo nimeufunga, na kwangu mie hiyo ni kazi, uliza yeyote. Siku moja akasema, Mama alikuwa hapendi vitunguu. Siku nyengine, Mama alikuwa akicheka anaziba mdomo. Nilikuwa nimeliogopa jina la Asya tangu nilipoingia nyumba ile, kama mdai. Sasa likawa linatajwa chumbani kwangu, na nikawa nnamlilia mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Siku ya kuwakutanisha, Bi Zuwena alitupa majlis, chumba cha wageni ambacho fereti walikuwa hawajawahi kukikanyaga. "Zulia hilo la Kiajemi," akasema, "wakilikojolea mtanijua." Kisha akakaa nje ya mlango na tasbihi yake, asiondoke. Tukampaka Sukari mafuta, tukawafungulia wengine. Tende akamjia mbio, akamshika shingo, akamvuta. Sukari akapiga kelele, nami nikaruka nimtoe.

Rahma akanidaka mkono. "Ngoja, Bi Moza."

Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa kwa hiari yake. Nikangoja. Tende akavuta, akasita, akaanza kulamba mafuta. Kahawa akaja akanusa, akaenda zake. Mzee ndiye aliyekuja mwisho, pole pole, miguu ya nyuma imeshachoka. Akamnusa Sukari, akanijia akaninusa vidole vya miguu, akalala baina yetu.

Jioni ile walilala wote wanne pamoja, rundo moja, juu ya kanga zote mbili. Nikadhani tutafurahi. Rahma akainama akanusa, akaanza kulia, kilio kile ambacho hakukilia siku niliyofua. "Sasa wote wananuka kitu kimoja," alisema. Na ilikuwa kweli. Tulichokuwa tunakitafuta tumekipata, na kwa kukipata, ile chembe ya mwisho ya Asya kama ilikuwepo imefunikwa. Nikakaa naye.

Mzee alikufa kabla ya mwaka kwisha, uzee tu. Saleh alimzika kule Yiti, pwani, mchanga wa juu, maji hayafiki. Wengine nao wakaenda mmoja mmoja, Sukari wa mwisho. Rahma akakua mikononi mwangu. Hakuniita mama hata mara moja, nami sikumwomba. Jina hilo lilikuwa na mwenyewe.

Mwaka aliopata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, asubuhi ya safari nilikuwa jikoni nnakaanga sambusa za njiani. Nimejifunga kanga yangu ya jikoni, imepauka, imelowa jasho na mafuta. Akaja akasimama nyuma yangu, gari inaunguruma nje.

"Bi Moza, nipe hiyo kanga."

"Hii? Ngoja basi nikufulie, mwanangu, hata dakika tano haimalizi juani. Inanuka vitunguu."

Akanidaka mkono, vile vile kama siku ile ya majlis.

"Usiifue," alisema.

Akaivua kiunoni mwangu mwenyewe, akaikunja ilivyo, akaitia ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga fundo. Mie nikabaki na gauni na mwiko mkononi, na sambusa zikaungua zote.

Nimesamehewa, mwanangu, nnajua. Lakini kusamehewa hakukuirejesha harufu ya Asya. Rahma mpaka leo hanayo, na mie ndiye niliyeimwaga kwa mikono hii, kwa nia njema na udi wa bei.

Kwa hiyo nnakuusia. Ukiingia nyumba ya watu, uliza kabla ya kusafisha. Usidhani kila kuukuu ni takataka. Usiende na harufu yako ukataka wakupende siku ile ile. Lala kwanza na harufu yao, nao walale na yako. Wakikuvuta shingo kidogo, vumilia, wanakuuliza wewe nani. Na wewe uliye mwenyeji, usije ukakaa kimya ukamwacha mgeni akanyage pasipokanyagwa, kisha ukamlaumu. Mwambie siku ya kwanza, hapa pana mtu wetu. Na kama umeshamwaga, usikimbie wala usijitetee. Kaa pale.

Mungu akuingize kila nyumba kwa mguu wa kheri. Akupe mtu wa kukushika mkono akakwambia ngoja, na akupe sikio la kumsikia. Na siku utakapoondoka duniani, akujaalie abaki mmoja ambaye hatokubali nguo yako ifuliwe. Amin.