Rudia Kwanza

Venanti wa Minago, kando ya ziwa huko Burundi, alikuwa na kanuni moja: usimjibu mtu kabla hujarudia alichosema, na mwenyewe akakiri, "Ndivyo nilivyosema." Kwa kanuni hiyo aliwaamulia majirani ugomvi miaka kumi na miwili, kuanzia wavuvi waliogombea nyavu hadi mawifi waliogombea jiko.

Nimemwona akifanya kazi hiyo. Huweka panga chini, huzima simu, humtazama msemaji. Hatikisi kichwa ovyo. Wengi wetu tukinyamaza tunajiita wasikivu, kumbe tunapanga jibu, au tunavizia kosa. Huko si kusikiliza. Ni utovu wa adabu wenye mdomo uliofungwa.

Mwaka jana zamu ikawa yake. Agneta, aliyekimbilia Tanzania na wazazi wake akiwa na miaka tisa, alirudi akadai sehemu ya shamba la michikichi ambalo Venanti aliachiwa na baba yake. Asubuhi moja majirani wakakusanyika hapohapo shambani.

"Michikichi hii mirefu ya kando ya korongo aliipanda mama yangu," alisema Agneta. "Njia ya kwenda ziwani ilipita kule juu. Chini ya mchikichi wa tatu palikuwa na shimo lililojengwa kwa mawe. Mama alikanyagia chikichi humo kukamua mawese, nami nikimshika mkono asiteleze."

"Njia ilipita juu? Uongo!" Venanti akadakia. "Njia iko huku chini tangu nizaliwe!"

Maneno, mvuvi aliyewahi kuamuliwa na Venanti mara mbili, akaangua kicheko. "Eh, muzee! Mimi ulinifanya nirudie mara tano mbele ya shemeji yangu mpaka nikatoka jasho. Leo wewe iko na haraka gani? Rudia kwanza!"

Watu wakacheka. Venanti hakucheka. Aliweka panga chini.

"Agneta, unasema michikichi mirefu aliipanda mama yako."

"Ndiyo."

"Njia ilipita juu."

"Ndiyo."

"Na chini ya mchikichi wa tatu palikuwa na..."

Miaka ishirini nyuma, alipokuwa akilima pale, jembe lake liligonga mawe yaliyopangwa kwa duara. Aliyafukia, asimwambie mtu, hata mkewe. Agneta alipolitaja shimo, maneno yalimpita, kwa kuwa masikio yake yalikwisha kunasa kosa la njia na kung'ang'ania hapo. Sasa ilimbidi ayatamke kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu aliowafundisha.

"Malizia, baba," Agneta alisema.

"Palikuwa na shimo lililojengwa kwa mawe. Mama yako alikanyagia chikichi humo, nawe ukimshika mkono."

"Ndivyo nilivyosema."

"Shimo lipo. Nililifukia mimi. Leteni jembe."

Walichimba hadi mawe yakaonekana, na Agneta akaingia ndani akasimama humo.

Anayetaka kujifunza kusikiliza aanze na maneno yanayomuumiza. Kurudia sifa zako hakukufundishi kitu. Venanti bado anaamua ugomvi Minago, na bado anadai kila mtu arudie kwanza. Kanuni hiyo imemgharimu michikichi kumi na minne aliyomwachia Agneta, nusu ya mawese yake ya kila mwaka.