Kulthumu na Mgeni wa Kidole Laini

Mwaka 2012 Kulthumu wa Tanga alikuwa akiuza chai na maandazi katika soko la Warwick, kusini kabisa mwa Afrika, na alasiri akifua nguo kwa Bi Nermin, Mturuki aliyekaa mtaa wa Overport. Bi Nermin ndiye aliyemtia wazimu. Alimwambia kwamba Hizir, yule ambaye sisi twamwita Khidhri, hajafa. Kwao Uturuki, na kwa Waajemi pia, watu husema anazunguka duniani kama fukara, na anayemkirimu hupata baraka.

"Utamjuaje? Kidole gumba chake cha kulia hakina mfupa."

Tangu siku hiyo kila aliyefika kibandani alipewa mkono na kubinywa gumba. Madereva wa teksi walibinywa. Mchungaji mmoja alibinywa, akadhani anatongozwa.

"Dada, watu watakushitaki," alisema Ninahazwe, Mrundi aliyeuza mitumba pembeni yake.

Anatole, msukuma mkokoteni mwenye utani mwingi, akazipata habari hizo. Asubuhi moja ya baridi alikuja amejifunika blanketi hadi puani, mikononi kavaa glovu. Kulthumu akabinya. Gumba likabonyea lote! Akapiga ukelele, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamletea chai, mayai na samaki.

"Niombee, babu."

"Ongeza sukari," mgeni akajibu kwa sauti nzito.

Siku ya pili, babu akiwa anatafuna, glovu ilifumuka. Kulthumu akaona kitu cha njano: sponji yake ya kuoshea vikombe, iliyopotea tangu Jumatatu, Anatole alipopita kunywa chai. Uso ukamwaka kwa aibu. Kisha kicheko kikamjia, akakimeza.

Siku ya tatu alimpokea kwa unyenyekevu.

"Babu, Hizir humtokea mwenye shida. Basi mimi nina shida."

Magunia sita ya unga yalikuwa ng'ambo ya barabara, yakingoja kubebwa. Baada ya hapo ndoo za maji, kisha masufuria. Babu angekataaje? Kufika saa sita blanketi lilikuwa chini na jasho linamchuruzika.

"Eish, mama! Ni mimi, Anatole!"

"Najua. Bado masufuria mawili."

Ninahazwe alicheka hadi akaangukia nguo zake.

Wiki iliyofuata Anatole alikuja akisukuma mkokoteni taratibu. Juu yake alikaa bibi mmoja asiyejulikana na yeyote, ambaye Anatole alimkuta kwenye robot, zile taa za barabarani, akitetemeka kwa baridi.

"Mama, huyu iko na njaa."

Kulthumu hakumbinya gumba; akamimina chai. Majina waliulizana baadaye.