Mila ya Kikapu cha Pulovere

Siku hizi Kindu, ukiandaa Idi bila kikapu cha Ramla mezani, wageni wanakula haraka na kuaga mapema. Sisemi kikapu cha kubebea mihogo. Hiki ni cha sufu, kimefumwa kwa sindano, kikachemshwa, kikapondwa mpaka kikakaza na kuwa kinene kama kofia ya kizee, na kina mistari myekundu, ya kijani na ya manjano ambayo hata kipofu angeilalamikia. Ndani huwekwa mikate ya mafuta, na tende zikipatikana. Zisipopatikana, karanga. Wakristo hawakukubali kubaki nyuma: wao wanakitaka Noeli, na kingine Pasaka, kwa sababu cha Noeli watu wamekwisha kukiona.

Mtu wa nje anaweza kushangaa. Mji umezungukwa na msitu, na msitu unatoa kamba za vikapu bure, sasa sufu ya nini? Tena kikapu hiki hakibebi samaki, maana harufu inakaa mpaka sikukuu inayofuata. Kikinyeshewa kinakuwa kizito kama mtoto aliyelala. Kitu inachokibeba vizuri sufu ile ni heshima ya mwenye nyumba, basi. Lakini uliza yeyote sokoni, atakujibu bila kusita: njo desturi ya bankambo, yaani ndiyo mila ya mababu.

Bankambo hao walizaliwa mwaka wa 1999.

Ramla ni mtoto wa mtaa wa Mikelenge. Kufuma alifundishwa na masista wa mtaa wa Kasuku, katika darasa la wasichana, ambako kazi kubwa ilikuwa kofia na soksi za watoto wachanga. Mtoto wa Kindu huzaliwa akitoka jasho, na jambo la kwanza analofanyiwa ni kuvishwa sufu kichwani na miguuni, ili asije akapata baridi ambayo hata babu yake hakuwahi kuikuta. Ramla alizifuma kofia hizo kwa kasi, akisema huku anafuma, na inasemekana sista hakujua ni kipi kilichokuwa kirefu zaidi, uzi au maneno.

Katika kufua alikuwa na imani moja: nguo isiyochemshwa ni uchafu uliolowana. Alichemsha mashuka, alichemsha suruali, alichemsha vitambaa vyekundu pamoja na vyeupe. Familia yake yote ilitembea katika rangi moja ambayo haina jina. Mumewe alipojaribu kuzungumzia jambo hilo, alimwambia achague: rangi au chawa.

Waasi waliingia Oktoba 1998. Treni ikanyamaza, bidhaa zikaacha kuja, na chumvi ikawa inasafiri kwa baiskeli. Abedi, mdogo wake Ramla, alikuwa mmoja wa wale waliosukuma baiskeli hadi Kalima na kurudi, akilala njiani na kuomba asikutane na mtu mwenye bunduki wa upande wowote. Hao wakubwa wapya waligawana nyumba za wafanyakazi wa serikali waliokimbia, na wanawake wa mtaa wakapewa kazi ya kuwafulia. Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Iliitwa mchango wa ukombozi.

Ramla aliangukia nyumba ya Komanda Arsène. Komanda alitoka milima ya mashariki, kwenye baridi, na alikuja na pulovere nyekundu ya sufu halisi ambayo aliipenda kuliko nchi aliyokuja kuikomboa. Aliivaa kwenye mikutano, saa sita za mchana, akihutubia huku jasho likimtiririka kama samaki anayechomwa. Hakuna aliyethubutu kumwambia avue. Watu walipiga makofi, na baadhi walifikiri analia kwa sababu yetu.

Siku moja pulovere hiyo ilikuja kufuliwa. Ramla aliitia kwenye sufuria pamoja na sabuni nyeusi ya mawese na majivu, akachochea moto, akachukua mchi, akaponda. Alipoitoa, ilikuwa nene kama ulimi wa ng'ombe, na ingemtosha mtoto wa miaka miwili, kama mtoto huyo angekuwa mnyenyekevu. Ramla aliivuta huku na huku. Aliilowanisha tena. Akaitundika na jiwe kila upande. Haikurudi hata kidole.

Asubuhi mlinzi wa Komanda alikuja kuichukua. Alikiona kilichoning'inia kambani, akatazama nyumbani, akamkuta Abedi aliyerudi jana yake kutoka Kalima, ameshika kikombe cha chai. Alimchukua yeye. Akamfungia kwenye kontena nyuma ya makazi ya Komanda, pamoja na wanaume waliokamatwa ili wabebe masanduku ya risasi hadi mji wa Kama, kwenye mapigano, mara tu sikukuu ya ukombozi waliyoiandaa waasi itakapokwisha. Waliopelekwa Kama kabla yao, wachache walirudi na mabega yaliyochubuka. Wengine, wake zao walikwisha kuacha kuwaulizia kwa wapita njia. Ujumbe kwa Ramla ulikuwa mfupi: pulovere irudi ilivyokuwa, au Abedi anabeba.

Ramla alilia kidogo, akanywa chai aliyoiacha mdogo wake, akaketi na sindano. Alishona shingo ya pulovere ikafungwa, akaigeuza juu chini. Mikono aliiunganisha ikawa mpini. Akatia mikate ya mafuta yenye joto, akajitanda kanga yake ya Idi, akaenda mwenyewe.

Komanda alikuwa barazani na naibu wake, Franck. Alikitazama kikapu kwa muda.

"Hii njo nini?"

"Njo pulovere yako, Komanda."

"Mama, mimi si mpumbavu. Mikono yake iko wapi?"

"Njo hii ya kushikia."

Franck alicheka, na kilichomwokoa Ramla ni kicheko hicho, kwa sababu Komanda hakupenda Franck acheke kwanza. Basi Ramla akaeleza, kwa sauti ya mtu anayemsikitikia mgeni. Hapa Kindu, alisema, mukubwa akiingia mji na kukaa, nguo yake ya kwanza haivaliwi tena. Inapikwa, inakuwa kikapu, na siku ya sikukuu watu wanakula ndani yake ili wajue wanakula kwa nani. Muntu mudogo hatengenezewi. Alidhani Komanda alikwisha kuambiwa.

Komanda hakuwa ameambiwa, lakini hakutaka lijulikane. Aliamuru wazee wa mji waitwe, ili wathibitishe.

Walikuja wakiwa wamevaa makoti, wakijua tu kwamba wameitwa, na kuitwa siku zile hakukuwa jambo zuri. Wakaonyeshwa kikapu. Komanda akauliza kama mila hii wanaijua. Sasa fikiria wazee wetu: watu ambao katika amani huwezi kuwakubalisha hata siku ya kusafisha mtaro. Mzee Ferdinand, karani mstaafu, alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Babu yangu alikuwa nacho," alisema. "Cha bluu."

Wa pili alisema kwao kilikuwa na mfuniko. Mzee wa kanisa alikumbuka kwamba kwao kilitolewa Pasaka tu, na watoto hawakuruhusiwa kukigusa. Wa nne alikichukua, akakipima mkononi, akasema kimetengenezwa vizuri, ingawa zamani mipini ilikuwa mirefu zaidi. Walipomaliza kusema, mila ilikuwa na miaka mia mbili na masharti saba. Ferdinand alirudi nyumbani akamuuliza mke wake kama anajua lile lilikuwa jambo gani.

Komanda aliridhika kupita kiasi. Aliamua kwamba maofisa wake wote watatengenezewa, vya rangi, vyenye rangi za bendera ya chama chao, na vitapangwa mezani siku ya ukombozi mbele ya wageni watakaokuja kwa ndege. Na Abedi? Abedi atakaa kontena mpaka siku hiyo. Kazi ikiwa nzuri, wataona.

Pulovere zikaletwa, maana maofisa karibu wote walitoka milimani. Ramla alizifumua, akachanganya nyuzi, akafuma mifuko mikubwa iliyolegea kama matandiko, kisha sufuriani, sabuni, majivu, mchi. Mtaa mzima ulisikia mchi huo. Wanawake waliokuja kumpa pole walipewa uzi wakunje, na waliokuwa na midomo walipewa mchi. Kila mfuko ulinywea na kusimama. Kila mfuko, isipokuwa wa Franck.

Pulovere ya Franck ilikuwa ya buluu inayong'aa, na alikuwa amewaambia wote kwamba aliinunua Ulaya, katika duka ambalo mlango wake unajifungua, basi alikataa uzi wake uchanganywe na wa mtu mwingine. Ramla aliuchemsha mfuko wake, haukukaza. Akaongeza majivu. Akaponda mpaka mchi ukampa malengelenge. Kadiri alivyouonea, ndivyo ulivyozidi kulala na kurefuka, mpaka kikapu cha naibu kikawa kama soksi ya jitu. Ilikuwa nailoni, isiyokaza hata ichemshwe vipi, lakini nani angemwambia Ramla? Tangu treni iliponyamaza, sisi tulikuwa tumesahau nyuzi za dukani zikoje. Yeye alijua tu kwamba kati ya vikapu vyote, kilichoharibika ni cha mtu ambaye ndiye angeongoza msafara wa Kama.

Siku ya ukombozi ilikuwa na jua kali na hotuba nyingi. Vikapu vilipangwa kwenye meza ndefu, vimejaa karanga, kila kimoja mbele ya mwenyewe. Vilisimama wima kama askari, na kusema kweli vizuri kuliko askari. Cha Franck kilisimama kwa kuegemezwa. Katikati ya hotuba kikainama, kikafikiri, kikalala, na karanga zote zikamwagika juu ya viatu vya Komanda.

Hotuba ilikatika. Franck akasimama na kusema kwamba mwanamke huyu amemroga, apelekwe kontena alipo ndugu yake.

Ramla alikuwa nyuma ya meza na birika la chai. Mdomo wake tangu zamani ulikuwa unafanya kazi peke yake.

"Mimi sikuroga muntu," alisema. "Moto njo uliangalia. Pulovere ya mukubwa wa kweli, ukiipika inakaza. Ya yule anayejiita mukubwa, inalala."

Komanda akaanza kucheka, polepole, akimtazama naibu wake kama mtu aliyeletewa zawadi aliyoitamani muda mrefu. Maofisa wakacheka kwa sababu Komanda anacheka. Wazee wakacheka kwa sababu maofisa wanacheka. Wageni wa ndege wakaandika kitu. Komanda akamwita Ramla karibu na kusema mila za Kindu zina akili.

"Imebaki kipande kimoja cha mila, Komanda," Ramla akasema, ingawa kipande chenyewe hakuwa amekitunga bado.

Aliyemtungia ni Mzee Ferdinand, kutoka kiti chake, bila kuinuka. Alisema ni kweli, walikuwa wanasahau: mfumaji haendi nyumbani mikono mitupu. Anaomba mtu mmoja, na hakatazwi. Wazee wengine wakaitikia kwa vichwa, kwa uzito. Mmoja akaongeza kwamba zamani walikuwa wawili, lakini hakuna aliyemuunga mkono.

Abedi alitolewa jioni hiyo hiyo. Msafara wa Kama uliondoka asubuhi, na kwa kuwa idadi ilikwisha kuandikwa, mlinzi alisimama barabarani akamchukua mtu wa kwanza aliyepita, muuza makaa aliyevuka mto kutoka Alunguli. Mila haikuwa na kipande kwa ajili yake. Hakurudi, na huku Mikelenge hakuna aliyejua jina lake.

Baada ya miezi michache kikosi kilihamishwa kwenda milimani, mahali ambapo asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa baridi. Pulovere zao walikuwa wamezigeuza vyombo vya kulia karanga. Tulisikia baadaye kwamba walivivaa vikapu kichwani, mpini chini ya kidevu, na kwamba vilifaa sana.

Vita vikaisha, Ramla hakuisha. Sufu anaipata kwenye marobota ya nguo za mitumba, ambamo watu wa nchi za baridi wanatutupia pulovere kwa kudhani tunatetemeka. Amefundisha wasichana, ana wateja mpaka Kalima, na siku hizi husema alirithishwa na nyanya yake, mwanamke ambaye sisi tuliomjua tunakumbuka alikaanga samaki na hakushika sindano hata ya kutolea mwiba.

Mwaka juzi, siku chache kabla ya Idi, msichana anayeitwa Christelle alikuja Mikelenge. Ametumwa na radio, alisema, kukusanya mila za jimbo la Maniema kabla hazijapotea. Wazee wote wa barazani siku ile ya pulovere walikwisha kufa, basi akapelekwa kwa Abedi, ambaye sasa ana mvi na duka dogo la vipuri vya baiskeli. Ramla alifuata, akakaa kizingitini, akaanza kufuma kwa kasi isiyo ya kawaida. Abedi hakuwahi kulizungumza jambo lile. Vikapu vya dada yake alivipokea kila Idi, akala vilivyomo, akavipa watoto wavichezee.

Christelle aliuliza kama mila hii ni ya kale. Sindano za Ramla zilisimama.

"Ya kale," Abedi alisema. "Tena wanaacha sehemu yake kubwa. Kikapu kikiwa mezani, siku hiyo hakuna muntu anayebebeshwa muzigo katika mji huu. Hata akiwa mugeni. Hata akiwa anapita tu njiani na makaa yake."

Ramla alimtazama, kisha akaufumua mshono wake, akauanza upya. Christelle aliandika yote, akaomba arudie ile ya makaa.

Radio ilisoma maneno hayo Idi iliyofuata. Mji uliyapokea vizuri sana, kama unavyopokea kila mila isiyoulizwa ilikotoka. Nyumba kadhaa kubwa za Kasuku ziliwaambia vibarua wao wapumzike siku nzima, wasibebe chochote, njo desturi. Maji ya wageni yakachotwa na wake za vibarua hao.